Chemchemi ya Maharusi

Siku ya kwanza kazini sikupewa jembe wala ufunguo. Konservateri, mkuu wa bustani ile ya zamani kando ya ziwa, alinikalisha kwenye ukingo wa beseni la mawe meusi, akaniambia nifumbe macho.

"Sikiliza kwanza," alisema. "Maji ikikohoa, tuyo, ile bomba, iko na hewa. Ikiimba sauti moja, njo iko muzima."

Nilisikiliza mpaka nikasinzia. Alicheka tu, hakunifukuza, na kazi nikaipenda siku hiyo hiyo.

Nyinyi vijana mmezoea vitu vya kubonyeza. Chemchemi zetu zilirushwa na uzito wa maji yenyewe. Moteri iliyavuta kutoka ziwani hadi kwenye tangi juu ya kilima, kisha yakateremka mabombani, yakabanwa kwenye mdomo mwembamba wa shaba tulioita jeti, yakaruka. Mimi, fontenye, yaani fundi wa chemchemi, kazi yangu ilikuwa kufungua robine, koki ya maji, taratibu. Ukiwa na pupa, maji hugonga kwa ndani na bomba kuukuu hupasuka.

Wageni walitembezwa wiki nzima, lakini Jumamosi ilikuwa ya maharusi. Walisimama mbele ya chemchemi kubwa kupigwa picha, nami nikafungua maji huku mama wakwe wote wawili wakikodoa macho. Yakipanda vizuri, vigelegele. Yakikwama, minong'ono ya mkosi ilifika hadi kijiji cha Munigi kabla ya maharusi kufika nyumbani. Kwa hiyo kila Ijumaa nilitoa hewa mabombani, nisije nikavunja nyumba ya watu.

Waasi walipoingia mjini, Konservateri aliondoka, akaja Komanda na askari wake. Nilimwogopa sana. Jioni moja aliniita.

"Muzee, fungula maji. Nataka kusikia kitu yenye haiko masasi, haiko bunduki."

Nikafungua. Alikaa pale bila viatu, macho yakiwa mbali, na mimi nikashindwa hata kumchukia. Baadaye wakaja waasi wengine, na mkuu mpya wa bustani tuliyemwita Shefu.

Kisha mlima wa volkano ulio juu ya mji ukapasuka. Moto ulishuka, ukala katikati ya mji, ukaingia ziwani. Tulikimbia, tukarudi ardhi ingali na joto. Bustani ilikuwa nzima, imelala chini ya majivu. Umeme haukuwepo na moteri ilikuwa imekufa, ila tangi lilikuwa limejaa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya harusi ya binti yangu, Riziki. Alikulia bustanini akizitazama harusi za wenzake, akingoja zamu yake. Wakwe walikwisha kufika kutoka mji wa Kiwanja na mbuzi wao, na hakuna aliyetaka kuahirisha.

Nje ya geti watu walisimama na bidoni, madumu yao ya maji, tupu. Maji ya ziwa yalinuka moto, waliogopa kuyanywa. Nami nilijua kuwa nikifungua chemchemi, tangi lote litateremka ziwani.

"Fungulia mutoto wako," Shefu aliniambia. "Ni haki yako."

Nilishika robine. Moyo wangu ulitaka kufungua, siwafichi. Riziki akaja ameinua gauni lake jeupe.

"Papa, acha. Batu iko na kiu."

"Na mama mukwe wako?" nilimnong'oneza.

Yule mama wa Kiwanja alitutazama sote, akavua viatu vyake vya sherehe, akajifunga kitenge kiunoni.

"Maji ya kuruka tutaiona siku ingine," alisema. "Leteni bidoni!"

Tukafungua robine ya chini ya tangi. Bibi harusi alijaza bidoni, bwana harusi akazibeba getini, mpaka gauni likalowa matope hadi magotini. Vigelegele vilianzia kwa watu wa nje.

Nimestaafu sasa. Mchana, usingizi ukinijia kitini, naona maji yakipanda meupe mbele ya Riziki, na nikiamka naumia kidogo kwamba sikumfungulia. Lakini juzi hapa mtaani Katindo mama mmoja nisiyemjua alinisimamisha njiani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Papa," aliniambia, "siye tulikunywa maji ya arusi ya mutoto wako. Hajambo?"