Ndani ya Sikio la Mbwa Wetu

Nilimwita bwana mifugo aje kumuua mbwa wetu. Nasema wazi, maana nikiipamba habari hii nitakuwa naongopa.

Marehemu mume wangu alimleta hapa Bigwa akiwa mdogo, awafukuze ngedere waliokuwa wakitumalizia mahindi. Miaka sita aliifanya kazi hiyo vizuri. Kisha msimu ule ngedere wakashuka mlimani mchana kweupe, wakavunja mahindi watakavyo, na yeye kalala chini ya mgomba kana kwamba hayamhusu. Nikimwita, hageuki. Nikimrushia jiwe, anainuka, anatikisa kichwa, anajilaza tena upande uleule. Nikasema huyu kaingiwa na kiburi, nikampunguzia ugali. Dawa ya minyoo nilimpa pia, nikaichanganya na dagaa, kwa sababu kwangu mimi mbwa akiumwa anaumwa tumbo tu.

Bwana mifugo, kijana mpole kutoka Kilakala, alifika na begi lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule pale, mchome sindano yaishe."

Hakutoa sindano. Alichuchumaa, akalishika sikio la kushoto la mbwa, akaligeuza.

Harufu ilinifuata mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama. Ndani palikuwa pamevimba, pekundu, usaha umegandamana na manyoya, na kupe wamejaa kwenye mikunjo. Mungu wangu! Nilijiziba mdomo.

"Mama, magonjwa mengi ya mbwa yanakaa sehemu kama hizi," alisema. "Masikioni, kwenye fizi, katikati ya vidole, chini ya mkia. Ukimpapasa unayakuta mapema. Mara ya mwisho ulimshika lini?"

Sisi ni Waislamu, na mbwa kwetu ni wa uani. Chakula chake nilikuwa nakimimina kwenye bakuli nikiwa nimejitenga, mate yake yasinipate. Miaka sita sikuwahi kumgusa hata mara moja.

"Kwa hiyo nikimwita hanisikii?"

"Huku kushoto hasikii kabisa, wala hatasikia tena. Kulia kumeanza kuharibika, ila kutapona ukimtilia dawa asubuhi na jioni. Njoo umshike kichwa nimsafishe."

Nilikwenda, nikanyoosha mkono. Mbwa alifumba macho, akajibana chini mpaka tumbo likagusa udongo. Alikuwa anangoja jiwe.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na lile sikio. Miaka yote ile, mkono wangu aliujua kwa hilo tu.

Nilimshika hivyohivyo, kichwa chake chenye joto viganjani mwangu. Bwana mifugo alipoondoka niliosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa utotoni. Jioni nikarudi uani na kichupa cha dawa, na yeye akajibana vilevile. Kesho yake pia, na keshokutwa.

Wiki ya tatu ndipo alipoacha kufumba macho.