Sauti Iliyobaki Wodini

Kwenye wodi ya wazazi mkunga mkuu ni simba. Mkutanoni, mwenyewe hukiri, ni kuku aliyenyeshewa. Wenzake walimchagua awasemee kwa kuwa ana sauti, wasijue sauti yenyewe huibakiza wodini. Juzi aliomba mkunga wa tatu kwa kila zamu, akisukuma mbele karatasi ya maombi, macho mezani. Kiongozi mzima! Mkurugenzi wa hospitali, mzee wa ndevu, akashika kalamu, akakunja uso, akasita. Mazoea yana taabu: mkono wa mkunga ukaenda kumsugua mgongo. "Pumua, mama. Umebakiza kidogo tu." Mzee akavuta pumzi, akatia sahihi. Mkunga alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini macho yalishakimbilia saa ya ukutani, na mdomo ukatangaza: "Saa nne na dakika kumi. Hongera, mama."