Kadi Iliyofungwa Kiunoni

Kadi zile za mgao hazikuwa na betri. Mashine ya langoni ilizirushia mawimbi ya redio, zikaamka, zikajibu kwa namba ya mwenye kadi. Nilikuwa nimetoka chuo Bukavu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzipima, kwenye ghala la chakula cha wakimbizi wa vita hapa Baraka, kando ya ziwa. Mapigano yalikuwa yamerudi milimani, na watu wa Fizi walizidi kushuka.

Injinia mkuu alinifundisha njia yake. Tulining'iniza kadi kwenye kamba ya nailoni, mbali na mabati ya ghala yanayovuruga mawimbi, tukapunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo mpaka kadi ikanyamaza. Tukaigeuza ubavu, tukaanza upya. Matokeo yakawa mazuri. Nikamuuliza ni mkimbizi gani atakayepita langoni akining'inia kwenye kamba.

"We petit, chuo kilikuharibu," akasema; "petit" ndivyo alivyowaita vijana wote.

Siku ya mgao, wanaume wachache walioshika kadi mkononi walisomwa. Bamama wengi hawakusomwa. Mmoja, aliyelea wajukuu peke yake, alipita, mashine ikakaa kimya. Kwenye mgao uliotangulia pia haikumsoma, na asiyesomwa mara mbili hufutwa kwenye orodha ya chakula.

"Mi niko hapa, mashini inasema siko," akaniambia. "Basi inangoja nani?"

"Kadi iko wapi, mama?"

Akagusa kiuno. Ilikuwa ndani ya fundo la kitenge, juu ya ngozi, mahali bamama wa huku wanapofichia kila kitu cha thamani. Mwili ni maji, na maji humeza mawimbi. Sikutaka kuamini nadharia tu. Nikafunga kadi ya akiba kiunoni mwangu, nikapita. Kimya. Tukaongeza nguvu yote. Kimya.

Nikamwomba injinia tuhamishie mashine nyuma, upande wa ziwa, kwenye mlango ambao waliopewa chakula walitokea na mizigo yao kwenda kwenye mitumbwi. Huko hakuna wa kuwaona bamama wakitoa kadi. Akasema nguzo imeshapigwa sementi, na ripoti inakubali namba zilizosomwa na mashine peke yake, si za kuandikwa kwa mkono. Watoe kadi kiunoni, waziinue juu.

Lango lilitazama barabara. Wapagazi na wachuuzi nao walilitumia, kwa hiyo aliyeko nje hakuweza kujua nani ana kadi, mradi haikuinuliwa.

"Mama, inua mara moja tu," nikamwambia.

Akatazama ng'ambo, kwenye kivuli cha duka lililofungwa, walipokaa vijana wenye bunduki.

"Bale banatafuta kuona nani iko na kadi. Jirani yangu banamufuata mpaka ku nyumba, banamunyanganya chakula yote." Akanigeukia. "We utanisindikiza, mutoto yangu?"

Mimi nililala ndani ya ukuta wa ghala, na jioni hatukuruhusiwa kutoka.

Akakaza kitenge, akapita tena langoni polepole, mikono yote miwili chini. Mlinzi alisubiri mlio wa mashine. Kisha akamwonyesha njia ya kurudi nje bila mgao, akaita anayefuata.