Mtoto Aliyebaki Mahameni

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele bado hayajang'oka, nilikuwa na mwenzangu ambaye hakuna mtu mwingine aliyemwona, na hilo halikunisumbua hata kidogo, kwa sababu nilidhani kila mtoto anaye wake. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Kasekese, miaka ile watu walipotolewa maporini na kupangwa kwenye mistari, nyumba inaangalia nyumba, na mimi sikuwa na rafiki. Watoto wa nyumba za jirani walisema tunanuka moshi wa nyuki. Baba alikuwa mrina asali, kweli tulinuka. Basi nikawa na huyu. Alikuwa akikaa nyuma ya kinu cha mama.

Bibi ndiye aliyeanza kushuku.

Bibi alikuwa mama yake baba, Mkonongo wa zamani, mfupi, macho makali, asiyecheka na mtu wakati wa kula. Siku hiyo tulikuwa tunakula ugali na kisamvu, jua likielekea kushuka, baba hayupo. Nilimega tonge, nikaliweka kando kwenye jani, halafu nikawa nalikandakanda kwa vidole mpaka likalainika.

"We Nyamizi," bibi akasema, "unachezea chakula?"

"Sichezei. Ni cha mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Huyu. Namlainishia, yeye hana meno."

Nakumbuka mama alisimama. Alishika bakuli lake, akaingia ndani. Bibi naye aliacha kutafuna, akanitazama, halafu akatazama nafasi tupu iliyokuwa kando yangu, akaitazama kwa muda mrefu sana, mpaka na mimi nikaanza kuogopa. Kabla ya hapo sikuwa naogopa. Mara nyingi nimejiuliza baadaye kama woga wa mtoto hautoki kwa mtoto, kama tunawatia sisi kwa macho.

"Analia?" bibi akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Halii. Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Sijui. Anangoja tu."

Kuanzia hapo nyumba yetu iligeuka. Bibi akawa ananifuata nikienda kisimani. Nikicheza nyuma ya kinu, nyasi za uzio zilikuwa zinatikisika, kumbe ni bibi. Mama akawa ananivuta kila ninapofungua mdomo, "nyamaza, kula, nyamaza," na mimi nikamshuku mama, nikaona kuna jambo analijua. Usiku niliwasikia wakizungumza na baba, maneno yanakatika kila nikijigeuza kitandani.

Jambo lenyewe nililijua kidogokidogo, na hapa niliweke wazi. Kule tulikotoka, porini, kabla ya kuhama, mama alizaa mtoto wa kiume baada yangu, mimi nikiwa mdogo mno kumkumbuka. Akaishi wiki chache. Kwetu mtoto ambaye hajaota meno hakuwa na msiba. Wanaume hawaitwi, hakuna kulia kwa sauti, hakuna kukaa chini matangani. Wanawake wawili wanamzika upenuni, pale paa linapodondoshea maji, na kesho yake mama mtu anachukua jembe anakwenda shambani kama watu wengine. Jina pia hakuwa amepewa. Jina lilitoka kwa upande wa baba, na bibi alikuwa bado hajaamua.

Sasa kuhama nako kulikuwa na taratibu zake. Familia ikiacha mji wake, mkubwa anachukua kaa la moto kwenye jiko la zamani, analiweka juu ya kigae, anatembea nalo huku anawaita wafu wa mji ule kwa majina, mmoja mmoja, waje, wasibaki peke yao kwenye mahame. Bibi alifanya yote hayo. Alipanda lori na kigae chake mapajani, watu wa lori wanamcheka, akawaita wote, babu, mashangazi, hata mjomba mmoja aliyekuwa mlevi. Mtoto wa upenuni hakumwita. Hakuna aliyemwita mtoto wa namna ile, kwa hesabu ya wazee alikuwa hajawa mtu.

Na sasa mama alikuwa na mimba, na mimba ilikuwa inasumbua. Iliyotangulia ilishatoka tangu tufike kijiji kipya. Hii nayo ilikuwa imeanza kumuuma kiuno, akawa analala mchana, jambo ambalo sikuwa nimepata kuliona, mama yangu kulala mchana. Nilimsikia bibi akimwambia baba mlangoni, hakujali kama nasikia.

"Mtoto asiyeitwa hufuata mwenyewe, na akifika hajui pa kukaa, anakaa kwenye njia ya wadogo zake. Amekwishamzuia mmoja. Unataka amzuie na huyu?"

"Mama, Nyamizi anatafuta kubembelezwa tu," baba akasema. "Mtoto mpweke huyu."

"Mtoto mpweke amejuaje habari za meno?"

Baba akatoka kwenda kuitia baiskeli upepo. Mimi, mwanamke niliyesoma mpaka kidato cha nne, niliyefundishwa baiolojia na mimba inavyokaa, sina jibu mpaka leo.

Tukaondoka asubuhi siku ya pili yake, kurudi mahameni kumwita. Mama alikaa nyuma ya baiskeli ya baba juu ya gunia lililokunjwa, baba anasukuma, bibi na mimi tunafuata kwa miguu, bibi ameficha kigae kwenye kapu. Kurudi kule hakukuruhusiwa ovyo, waliogopa watu watahamia tena porini, kwa hiyo balozi wa nyumba kumi alitusimamisha mwisho wa mstari.

"Mnakwenda wapi, nyie?"

"Kurina," baba akajibu. "Mizinga yangu bado iko kule."

Balozi akamtazama mama na tumbo lake, akamtazama bibi, akanitazama mimi.

"Siku hizi asali inarinwa na ukoo mzima?"

"Nyuki wa kule ni wengi, mheshimiwa," bibi akasema. "Kila mtu na wake wa kumuuma."

Balozi akacheka, akatupisha, akasema tusisahau fungu lake.

Mwenzangu alikuja nasi. Nawaambia kama nilivyokuwa naona wakati ule, sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alitembea upande wangu wa kushoto, na kila bibi alipogeuka nilibana mkono wangu ili asijue kwamba nimemshika mtu.

Tulifika jua likiwa utosini. Mahame yanasikitisha kuliko pori. Pori halikuwahi kuwa na mtu, lakini pale palikuwa na mafiga matatu ya mama bado yamekaa kama alivyoyaacha, na mboga za maboga zimetambaa mpaka ndani ya nyumba, na paa limelala upande mmoja. Baba alibaki mbali, akijifanya anatazama mzinga juu ya mti. Jambo la upenuni ni la wanawake. Bibi akawasha moto mdogo kwenye mafiga yale yale, akangoja, akachukua kaa, akaliweka kwenye kigae, akapiga magoti pale paa lilipokuwa likidondoshea maji.

Halafu akapapasa ardhi kwa kiganja.

Tukangoja. Nzi wa porini wanatuuma, hakuna anayejipiga.

"Namwita nani?" bibi akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza nilimsikia bibi hajui la kufanya. "Nikisema mtoto, watoto ni wengi huku. Watainuka wote."

Baba akasema kutoka kule aliko, "Mpe jina lolote, mama, tuondoke."

"Lolote? Mtu anaitika jina lolote?"

Mama alikuwa amekaa juu ya kinu kibovu, anatazama chini, mikono kwenye tumbo. Midomo yake imebana kabisa. Na mimi nikamwonea bibi huruma, kwa sababu lilikuwa jambo rahisi na nilikuwa nalijua.

"Anaitwa Maganga," nikasema.

Mama akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba. Maganga ni jina la baba yake mama. Mke hana ruhusa ya kumpa mtoto wa kiume jina la kwao, mzaliwa wa kwanza wa kiume ni wa ukoo wa baba, na kila mtu pale alilijua hilo, hata mimi. Bibi akageuza shingo polepole, akamtazama mkwewe. Nikajua mama atagombezwa.

"Ulimpa wewe?"

Mama akainamisha kichwa kukubali.

"Ulimwambia Nyamizi?"

"Sijamwambia mtu, mama. Hata baba yake sijamwambia. Nilimwita moyoni tu, zile wiki zote, na baadaye."

Kaa lilikuwa linaanza kuwa na majivu. Bibi akalipuliza. Halafu akainama mpaka karibu na ardhi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ile anayotumia kutuita tukale:

"Maganga. Maganga, mjukuu wangu. Twende nyumbani, mama yako amekuja kukuchukua."

Mama akalia. Alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na alikuwa amefiwa, jamani, ila hakuna aliyekuwa amempa nafasi. Baba akatoka kule kwenye mti akaja akasimama karibu yake, akiwa hajui aweke wapi mikono.

Kurudi, ilitakiwa tusigeuke nyuma wala tusizungumze. Bibi mbele na kigae, baiskeli ikafuata, mimi nyuma yao. Mimi nikanyoosha mkono wangu wa kushoto kama nilivyokuja nao, nikangoja ushikwe. Haukushikwa. Nikamtafuta kwa pembe ya jicho, halafu nikamtazama mama pale nyuma ya baiskeli, nikaona amekaa vile wanavyokaa wanawake wenye mtoto mgongoni, ameinama kidogo mbele ili asimlalie. Nikaelewa. Niliumia kwa wivu njia nzima, na sikuruhusiwa kulia kwa kuwa tulikuwa tumekatazwa sauti.

Hakurudi tena nyuma ya kinu. Mama alijifungua salama, mdogo wangu yupo, ana ndevu sasa, na bibi alimpa jina la ukoo wa baba bila kuuliza mtu.

Nilipokwishaolewa nilimuuliza mama. Nilikuwa nataka anipe njia ya kutoka, mnaelewa? Nikamwambia, mama, kumbuka vizuri, lazima ulikuwa unamtaja. Ukitwanga, mimi niko chini ya miguu yako napepeta. Lazima nililiokota hilo jina kinywani mwako, pamoja na habari za meno.

Mama akafikiri. "Inawezekana," akasema. "Mtu akitwanga peke yake mdomo unatembea wenyewe." Halafu akasema, "Ila mimi najua nilinyamaza."

Hapo tukaliacha.

Mimi sasa nakaa Kawajense, mume wangu ni dereva wa malori, anakaa wiki nyingi barabarani, na binti yetu Pendo ana miaka mitatu. Mwezi huu Pendo ameanza kumsogezea mtu mkeka. Anausogeza, anasema "kaa hapa," anaendelea na mchezo wake. Nilimpiga kofi mara ya kwanza, Mungu anisamehe, mkono ulitangulia. Halafu nikaanza kumvizia nyuma ya mlango, mimi niliyesoma, nimesimama vile vile kama bibi kwenye uzio.

Sikusikia kitu cha maana. Lakini juzi nilikuwa nafua nguo, nikakatisha ghafla kwa kuwa nilisikia mtu anaongea, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nasema habari za mimba iliyotoka mwaka jana. Hospitali waliniambia pole, utapata mwingine, nikarudi nyumbani nikapika, mume wangu alipofika nikamwambia kwa sentensi moja, naye akasema pole, na ikaisha. Nilidhani imeisha. Pendo alikuwa amekaa kizingitini, ananitazama, na midomo yake inafuatisha yangu.

Bado naogopa, sitadanganya. Sijui kama mtoto wangu anaona au anasikia tu, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi. Ila niliacha nguo kwenye beseni, nikakaa naye pale kizingitini na mikono yangu yenye povu, nikamwambia kulikuwa na mwenzake mwaka jana, alikuwa anakuja, hakufika.

Akaniuliza anaitwa nani.

Nikamwambia bado hatujampa jina. Ngoja baba arudi, tutakaa chini wote.