Majani Yenye Matundu

Mjukuu wangu alizaliwa mdogo kama kifaranga cha kwale. Alipofika miezi sita, nesi wa zahanati alisema aanze uji, viazi na mboga za majani zilizopondwa. Binti yangu akanigeukia: "Mama, mboga ni juu yako. Wewe ndiye mwenye macho."

Ni kweli, nina macho. Darasa la tatu sikumaliza, lakini hapa kwetu karibu na Mkiwa wanawake walikuwa wananiuliza mimi kabla ya kununua mboga. Masika hakuna shida: mlenda unajiotea shambani, nani ataupiga dawa? Shida ni kiangazi, nchi ikishakuwa kijivu na mboga zote zinatoka kwenye bustani za visimani. Kitunguu na tikiti nilinunua popote, vina maganda yake. Kwa majani nilikuwa na sheria moja: nunua yenye matundu. Jani zima linalong'aa kama bati jipya, mdudu kalikataa. Mdudu kalikataa, wewe mwenye akili utalilaje?

Basi nikaenda genge la barabarani, nikapekua mafungu ya mchicha mpaka nikapata lililotoboka kama chujio. Mwenye genge, mama wa umri wa binti yangu, akacheka.

"Shikamoo bibi. Leo umekuja kunimalizia machakavu?"

"Marahaba. Funga. Hayo mazima wauzie wenye magari, wanaopenda urembo. Haya ni ya mjukuu wangu, ndiyo kwanza anaanza kula."

Kicheko kikamwisha. Akalirudisha fungu mezani.

"Bibi, haya usimpe mtoto. Wadudu waliyala juzi, ndiyo maana jana nikayapiga dawa."

"Na sisi wakubwa?"

Akaangalia chini. "Nyie mnaosha, mnapika. Njoo bustanini kesho asubuhi, nitakupa ya mtoto."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Miaka yote hiyo nimetembea kifua mbele, nikichagua jani lililopigwa jana na kuwafundisha majirani wachague hilohilo!

Asubuhi nikashuka bondeni, kwenye bustani ya yule mama wa genge. Nyuma ya kisima, ndani ya uzio wa miiba, palikuwa na tuta moja la maboga.

"Hili ni langu na wanangu," akasema. "Bomba la dawa halifiki hapa."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia. Badala yake nikainama kwenye maboga. Maua yalikuwa yamefunguka, na kila ua lina nyuki, amejipaka unga wa njano mpaka miguuni. Nikageuza jani. Chini yake wadudu mafuta, wale wadogo wanaonyonya majani, wamejazana, na kadudu kekundu kenye madoa meusi kanawala mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayetafuna karanga. Pembeni buibui ametandaza wavu wake na umande bado umening'inia. Nimelima tangu utoto, nimepalilia mpaka mgongo umepinda, na sikuwahi kulitazama jani moja muda mrefu kiasi kile. Ng'ambo ya miiba, kwenye matuta ya kuuza, kimya. Hata nzi hakuna. Hapa palikuwa panavuma, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

Nikavua kandambili.

"Bibi, miiba hiyo!"

"Niache," nikamwambia.

Nilisimama pale na miguu yangu yenye nyufa mpaka jua likaanza kuchoma. Kisha nikamuuliza kwa nini asilime bustani nzima hivi.

"Wateja wanataka jani zima, bibi. Wanaotaka matundu ni wewe na majirani zako tu."

"Ongeza tuta moja. Wanunuzi nitakuletea mimi."

Akaniangalia, akakata majani machanga, akanijazia kanga.

Nyumbani nilichemsha, nikaponda na kiazi. Mtoto alikunja uso kama mzee aliyelamba shubiri, na binti yangu akashika kifua. Mara mtoto akameza. Akafungua mdomo tena, mpana, ulimi wa kijani, akipiga teke mguu wangu ahimize kijiko.

Jioni nilizunguka kwa majirani, mlango kwa mlango, kusema macho yangu yalinidanganya. "Msiangalie matundu," niliwaambia. "Ulizeni dawa imepigwa lini. Na kesho twendeni wote bondeni, mkaone kitu."