Kompyuta ya Mama Iliyopiga Pa!

Enzi zetu (na msinicheke, najua nina miaka kumi na sita tu) kompyuta haikuwashwa na mtu mmoja. Iliwashwa na mtaa mzima. Nyie mliokulia Bariadi upande wetu wa sokoni mtanielewa. Ikifika saa moja na nusu asubuhi, siku za likizo, mchezo wa rede unasimama, mpira wa soksi unaachwa kwenye vumbi, wote mbio hadi mlango wa steshenari ya mama, utadhani tumeitiwa pilau. Mama anatoka nyuma na mwiko. Ndiyo, mwiko wa ugali! Alishaambiwa mti haupitishi umeme, basi akawa anabonyeza swichi kwa ncha ya mwiko, uso ameugeuzia pembeni.

"Tokeni mlangoni, nawasha!"

Na sisi tunatoka hatua mbili, tunarudi moja. "Moja! Mbili! Tatu!"

PA!

Jamani, raha yake! Wengine wanajiangusha chini kama wamepigwa risasi, wengine wanapiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu kwa midomo tu, sauti haitoki. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba mwalimu akiita jina langu darasani nilikuwa nanyoosha kidole badala ya kuitika. Lakini moyoni nilikuwa napiga kelele kuwazidi wote.

Kompyuta yenyewe mama aliinunua Mwanza ikiwa imeshatumika. Zamani ilikuwa nyeupe, kwetu ilifika imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake kuna boksi la chuma linaloingiza umeme, mafundi wanaliita pawasaplai, na ndilo lilikuwa na vituko. Lile pa lake halikuwa kubwa sana, kama bisi ya kwanza inapogonga mfuniko wa sufuria. Baada ya hapo feni inaguna, kioo kinawaka, mama anachapa barua za watu na kadi za harusi hadi jioni. Kesho yake tena, pa.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne, na mdogo wangu Maduhu alikuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Bibi, mama yake baba, akaja kutoka Shishiyu kusaidia kulea. Alikuja na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga za kuchemshia humo humo, na mto wangu mpya alioujaza pamba ya shambani kwake, haijachambuliwa, mbegu zote ndani. Ukilala unazisikia mbegu zinakuchoma sikio. Nilikuwa naupenda mto ule hadi leo siwezi kueleza.

Bibi na ile kompyuta hawakuelewana hata siku moja. "Huyu ni ng'ombe wa mateke," alikuwa anamwambia mama. "Kila asubuhi unamkamua, kila asubuhi anakurusha. Muuze!"

Shida ni kwamba Maduhu alikuwa analala nyuma ya ukuta wa steshenari. Ikipiga pa, anaamka, na akiamka analia mpaka saa nne. Mama alikuwa halali usiku, halali mchana. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mwiko mkononi, anatokwa na machozi. Sijawahi kumwambia kwamba nilimwona.

Sasa, bibi alikuwa na ujanja wake. Maduhu akizidisha kilio, bibi anachomoa pamba kidogo, anaziba masikio, anaendelea kusinzia kwa amani kabisa. Mimi nikamtazama, nikaitazama kompyuta. Kama pamba inazuia kelele ya Maduhu, mbona kompyuta nayo ina matundu nyuma?

Jioni hiyo, wakati wote wapo jikoni, nilipasua kona ya mto wangu. Nikashindilia pamba kwenye matundu yote ya lile boksi, kwa kalamu, taratibu, hadi ikajaa vizuri. Tusingeshindwa na boksi, watu wa pamba sisi!

Asubuhi ikapiga "pu". Hivyo tu. Maduhu hata hakugeuka. Watoto wakalalamika nje kwamba leo haina chumvi, mama akatazama ncha ya mwiko wake kama vile mwiko ndio umebadilika. Mimi nilikimbilia chooni nikaruka ruka peke yangu kwa furaha. Kwenye daftari langu la siri, ambalo bado ninalo, niliandika: "Nimeitibu."

Mchana ikalipuka.

Hiyo sasa haikuwa bisi. Ilikuwa KPAA! moja, moshi, harufu kama nywele zilizoungua, na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Mama akatoka na Maduhu begani, kanga inaburuta. Ng'ambo ya njia, Mzee Masanja, yule mchomeleaji wa mageti, alikuwa amesimama na miwani yake myeusi. Umeme wake alikuwa anauchukua kwetu kwa waya mrefu, na kila akichomelea taa zetu zilikuwa zinafifia. Mama hakuuliza mara mbili.

"Masanja, umeniua! Si nilikwambia hilo dude lako litaniunguzia mashine?"

"Mayu, mama yangu, leo nimegusa chuma mara moja tu."

"Basi ni mara hiyo hiyo!"

Akachomoa waya wake, akauviringisha, akaufungia ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Hakikutoka kitu.

Siku tatu Mzee Masanja hakufanya kazi. Geti la mteja lilikuwa limelala chini nusu nusu, mteja anakuja, anafoka, anaondoka. Yeye amekaa kwenye kigoda chake anafuta vyuma ambavyo vilishafutwa. Na kila nikipita kwenda dukani ananisalimia vilevile, "Mwangaluka, ng'wanawane," mwanangu mimi, kama vile kwetu hakujatokea kitu. Nilikuwa nakimbia bila kuitika. Kila usiku nilipanga maneno ya kumwambia mama, asubuhi yote yamekimbia.

Siku ya nne akaja fundi kutoka Maswa. Tulitegemea mzee mwenye kitambi, akashuka kwenye bodaboda dada mmoja, Kabula, bisibisi ameichomeka kwenye rasta za kichwani. Mama akamwita Mzee Masanja kabisa: "Njoo ushuhudie ulichonifanyia." Watoto wakajaa mlangoni. Dada Kabula akafungua skrubu nne, akainua mfuniko wa lile boksi.

"Heh! Mayu, humu mlilima?"

Akavuta pamba iliyoungua, nyeusi, ikatoka ndefu kama utumbo. Mbegu zikadondoka mezani, ta, ta, ta. Watu wakacheka hadi wakashika ukuta.

"Hii si kuchomelea," akasema. "Boksi limezibwa pumzi. Nani kaweka?"

"Panya," mama akasema haraka.

"Panya gani anapanga pamba vizuri hivyo?" bibi akauliza. Lakini watu walishaanza kutikisa kichwa, naam, panya, panya wa mjini wana mambo. Panya alishakubalika! Ningenyamaza tu, ningeokoka. Mama akaongeza, "Hata hivyo na kuchomelea kumechangia," na Mzee Masanja akachukua kofia yake, akageuka kuondoka.

Mgongo wake ndio ulionishinda. Niliingia ndani nikabeba mto wangu, umenywea kama chapati, nikaupitisha katikati ya watu wote wale, nikauweka mezani pembeni ya ile pamba nyeusi.

"Ni mimi. Nilitaka Maduhu alale."

Nikasubiri kofi. Mzee Masanja akaangalia mto, akaniangalia mimi, akasema, "Kumbe huyu mtoto anaongea!"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Mama hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na ule waya, akauchomeka kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mtaa wote. "Nisamehe, baba. Nimekukosea." Mzee Masanja akaitika, "Wabeja, mayu," asante, akaenda moja kwa moja kwenye geti lake. Mimi nilipewa kufagia steshenari likizo nzima, na sindano ya kushonea mto.

"Msimlaumu sana," Dada Kabula akasema akifunga boksi jingine. "Lile pa la kila siku lilikuwa linawaambia limechoka. Nyie mkawa mnalipigia makofi."

Alipomaliza, mama akanipa mwiko. "Washa wewe. Na uhesabu kwa sauti, nikusikie." Nikahesabu! Moja, mbili, tatu, sauti yangu mwenyewe, hadi ng'ambo ya njia walisikia. Nikabonyeza.

Hakuna kitu.

"Imekufa!" wakapiga kelele. Kisha feni ikaanza, vuuu, polepole, kioo kikawaka. Watoto wakarudi kwenye rede wamenuna. Mmoja akaniambia, "Umetuharibia."

Siku hizi steshenari ina laptopu. Maduhu, aliyetusumbua wote kwa usingizi wake, yupo darasa la kwanza na anaiwasha kwa kidole gumba cha mguu, macho yapo kwenye simu ya mama. Nilimsimulia haya yote, nikamwigizia hadi lile pa. Akaniuliza, "Sasa kwa nini hamkutafuta kwenye simu?" Watoto wa siku hizi! Hawajui kusubiri kitu huku moyo umepanda shingoni. Kila kitu kinawaka kimya, na wao wanakaa mbele yake kimya vilevile, mmoja mmoja. Hakuna anayeacha rede. Hata rede yenyewe sijaiona siku nyingi.

Jumamosi mimi ndiye ninayefungua steshenari. Nikiwa peke yangu huwa nahesabu bado, kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nabonyeza. Laptopu inawaka, haisemi kitu. Halafu kutoka ng'ambo ya njia Mzee Masanja, ambaye amekuwa akinivizia tangu napandisha pazia, analipiga bati lake nyundo moja.

PA!