Mgombea Haruhusiwi Kugeuka

Nikisikia harufu ya pumba za mpunga zinazoungua, mpaka leo natazama kwanza chini nijue nimeweka wapi mguu. Nilikulia Rujewa, nyuma ya mashine ya kukobolea, mahali ambapo pumba zilimwagwa zikawa vilima, na vilima hivyo viliungua kwa ndani wiki nenda wiki rudi bila kuonyesha moto. Juu ni majivu, yametulia kabisa kwa kuyatazama. Mtoto akikanyaga anazama hadi kifundoni, na anatoka na malengelenge. Mtaa wetu ulikuwa na watoto wengi wenye makovu ya pumba, na mimi mmojawapo. Msimu ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa mwisho wa kiangazi, joto la Usangu limekaza, mvua zimechelewa, mto umebaki mchanga na vidimbwi vya ng'ombe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo. Sikuwa na kazi ila kumsaidia mama kumwagilia kitalu cha mpunga, na mchana kukaa kivulini mashineni nikisikiliza wanaume wakibishana kuhusu Marekani.

Walikuwa na sababu ya kubishana. Mwaka ule mwanamke aligombea urais kule, na redio ya Baba Sikujua, aliyeendesha mashine, ilimtaja kila saa ya habari. Baba Sikujua alikuwa akizima mtambo ili asikie vizuri, wateja wakakaa juu ya magunia yao wakisubiri Wamarekani waamue. Redio ilisema anaongoza, kwamba watu wengi walioulizwa wamesema watampa yeye. Baba Sikujua hakuamini hata kidogo. "Mabomu yote yale, bwana, wampe mama wa watu ayatunze? Hao wanaoulizwa wanajibu kwa adabu tu." Wenzake walicheka. Mimi niliona uchungu kwa niaba ya yule mama ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye picha, nikawa namtakia ushindi kama vile ni shangazi yangu. Nilikuwa na sababu yangu: mama yangu naye alikuwa anagombea.

Hakugombea kitu kikubwa. Alitaka uenyekiti wa umoja wa wakulima wa mfereji wetu, ule uliogawa maji kutoka mtoni kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mgaya, mwenye mashamba ya mwanzo wa mfereji, na alikuwa amekikalia kiti hicho tangu kabla sijazaliwa. Shamba letu lilikuwa mwisho kabisa. Zamu ya maji ilipotufikia, maji hayakufika. Milango ya juu ilikuwa imeachwa wazi, na ukienda kuuliza unaambiwa mfereji una mchanga, mfereji una magugu, subirini. Msimu uliotangulia tulivuna chenga tu. Mama alisema kwamba ukipita msimu mwingine hivyo hatutakuwa na shamba tena, na mimi sekondari nitaisikia kwa wenzangu. Ndipo akasimama kikaoni akasema anagombea. Mtu mmoja akapiga makofi, na nikafikiri makofi ni kura.

Kuanzia siku hiyo jiko letu halikukosa wageni. Wanawake wa mwisho wa mfereji, hata wa katikati, walikuja na visingizio vya kuomba chumvi au kijinga cha moto, wakaondoka wamemshika mama mkono. Mama Neema, rafiki yake tangu wote wawili walipoolewa pale, alikuja karibu kila siku. "Mimi nitakuwa wa kwanza nyuma yako, Mama Atu. Wa kwanza. Wengine wanione mimi ndipo waje." Baba alikuwa akisikia hayo kutoka barazani, akitabasamu kidogo na kuendelea kunoa jembe lake. Alikuwa mtu mpole, na upole wake niliupenda sana, kwa sababu sikujua bado kwamba upole na woga vinaweza kukaa kwenye kigoda kimoja.

Nieleze ile "nyuma yako", maana ndiyo iliyoamua kila kitu. Kwetu hatukupiga kura kwa karatasi. Wagombea walisimama kiwanjani kando ya mfereji, wakielekea kwenye tuta, na kila mwanachama alikwenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka. Akigeuka kabla katibu hajamaliza kuhesabu, ameshindwa, kwa sababu wazee walisema macho ya mgombea yanatisha watu. Mimi nasema macho yaliyotisha hayakuwa ya mgombea. Kila mtu alimwona mwenzake anakokwenda: mume alimwona mkewe, mkwe alimwona mkwewe, na mwenye maji alimwona asiye na maji. Mama aliliona hilo mapema akaomba sanduku na karatasi. Mzee Mgaya alimjibu kwa upole mwingi kwamba sisi hapa ni ndugu, hatufichani.

Hapo ndipo Marekani ilipoingia nyumbani kwetu. Mama alikuwa amesikia kwamba kule mtu anajifungia peke yake kwenye kijumba na karatasi yake, hata mumewe hajui alichoandika. Alilirudia jambo hilo akiwa anapika, akiwa anafua, akiwa anang'oa magugu kwenye kitalu. "Shida si mioyo yao, Atu. Mioyo wanayo. Shida ni kuonekana. Yule mama atashinda kwa sababu hakuna anayemchungulia mtu." Na akishinda yule, alisema, wanawake wa mfereji wetu watapata nguvu ya kuonekana mara moja tu, mchana mmoja. Nilimwamini kabisa. Usiku niliomba Mungu awape Wamarekani akili, sala ambayo padri wetu hakunifundisha.

Kikao cha uchaguzi kiliangukia Jumatano, siku ileile ambayo matokeo ya Marekani yalikuwa yakitangazwa. Asubuhi nilitumwa mashineni, nikakuta mtambo umezimwa na watu kimya. Redio ilikuwa ikisema majina ya majimbo nisiyoyajua, na kila jina Baba Sikujua alitikisa kichwa kama mganga aliyeona kilekile alichotabiri. Hakucheka safari hii. Alinitazama akasema taratibu, "Kamwambie mama yako Marekani yenyewe imeshindwa." Nilirudi kwa miguu mizito, nikipita katikati ya vilima vya pumba vilivyokuwa vikifuka moshi, na sikutaka kufika. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilipomwambia hakuuliza mshindi ni nani. Alisimamisha ungo, akasema, "Na kule walikuwa wamejificha." Kisha akaendelea kupepeta.

Habari ilifika kiwanjani kabla yetu. Wanawake walikuwa wamekaa pamoja kama kawaida, kanga zao kichwani kwa ajili ya jua, lakini tulipowasalimia waliitikia wakiangalia mfereji mkavu. Sisi watoto tulikaa juu ya tuta, na hivyo mama aliposimama pale mbele, yeye na Mzee Mgaya kila mmoja mahali pake, uso wake ulinielekea mimi moja kwa moja. Katibu akasema haya, pangeni. Wanaume wa mwanzo wa mfereji waliinuka wakaenda nyuma ya Mzee Mgaya wakipiga soga. Wanawake hawakuinuka. Kila mmoja alimngoja mwenzake, na wote walimngoja Mama Neema. Mama Neema alijifunga kanga upya, akaifungua, akajifunga tena. Kisha mumewe akakohoa kutoka kule mstarini, kikohozi kidogo tu cha mtu mwenye vumbi kooni, na Mama Neema akainuka akaenda nyuma ya Mzee Mgaya. Wengine walimfuata wameinamisha vichwa.

Mama hakuyaona hayo. Alichokuwa nacho ni uso wangu. Alinikazia macho akisoma, na mimi nilijitahidi kuukaza usiseme kitu. Nilitazama kola ya gauni lake, nikatazama miguu yake. Nyuma yake walikuwa wamesimama bibi mmoja mjane mwenye mkongojo na wanawake wachache wa mashamba ya mwisho, ambao hawakuwa na maji ya kunyang'anywa. Nikamtafuta baba, ili angalau nipate mahali pazuri pa kuweka macho. Nikamwona. Alikuwa katikati ya mstari wa Mzee Mgaya, kofia mkononi, na alikuwa ananitazama. Sijui uso wangu ulifanya nini. Najua kwamba mama aliona nilikotazama, akapima kwa macho yangu umbali na upande, akajua. Lakini hakugeuka. Alisimama hivyo hivyo mpaka katibu alipomaliza kuhesabu, ingawa hakukuwa tena na sababu ya kutii sheria yao.

Baba alijieleza jioni ile, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Alisema kwamba matokeo yalikuwa yameshajulikana, na kama naye angesimama kule tungekosa hata yale matone ya maji. Mama alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kunawa. Hakumtukana wala hakulia, na mimi ningefurahi kama angefanya lolote kati ya hayo mawili. Matone yenyewe hatukuyapata. Kitalu kiligeuka njano, kisha kikawa rangi ya mkeka wa zamani, na ardhi ya majaruba ikapasuka nyufa za kuingia mkono. Nilifaulu mtihani, lakini nyumbani hapakuwa na cha kunipeleka nacho shule, nikachukuliwa na mama mdogo Kihesa, Iringa, kwenye baridi na misonobari, nikasomea huko. Shamba letu sasa linalimwa na mtoto wa Mzee Mgaya. Nasikia siku hizi maji yanafika mwisho wa mfereji bila taabu.

Niko Kihesa bado. Nauza mchele sokoni, mchele wa kwetu Usangu, na nina mchumba mwenye maneno mazuri. Wamarekani walisimamisha mwanamke mwingine tangu wakati ule, naye akashindwa. Siku ile nilimpigia mama simu. "Walimwahidi wengi?" aliuliza. Nikasema redio ilisema wengi. Akasema haya, akaniuliza kama mvua zimeanza Iringa. Nikiyasema haya sokoni wenzangu hunicheka, wananionyesha picha ya Rais wetu iliyoko ukutani ofisini kwa afisa wa soko, wananiuliza huyo si mwanamke. Ni mwanamke, nami naitikia. Lakini mimi sikuwahi kutilia shaka kwamba mwanamke anaweza kukalia kiti. Ninachojiuliza kuhusu Wamarekani, kama ninavyojiuliza kuhusu watu wangu, ni nini hutokea kati ya kushikana mkono jikoni na kuinuka kwenda mstarini, na kwa nini hata kijumba cha siri hakikuzuia jambo hilo.

Nauliza kwa sababu wauza mchele wa soko letu wanachagua mwenyekiti mwezi ujao, na wenzangu wamenipendekeza. Huku tunapiga kura kwa karatasi na sanduku, kama mama alivyotaka. Wanawake wanapita kwenye meza yangu, wananishika mkono, wanasema wako nyuma yangu. Jana mchumba wangu naye alisema hivyohivyo, kwa upole sana, na nilimshukuru huku nikimkumbuka baba akinoa jembe lake. Nitagombea. Lakini mama, katika siku yake mbaya kuliko zote, alikuwa na uso wa mtoto mbele yake wa kumwambia nani yuko wapi. Mimi nitakuwa na sanduku tu.